Mtandao wa Godauni la Sufuria

Nasikia siku hizi mkitaka kufunga mtandao ofisini mnakaa kitako, mnafungua simu, mnahesabu nyota ambazo muuzaji amepewa na watu msiowajua, kisha mnaagiza. Haya, siwacheki. Au tuseme nawacheka kidogo. Mimi kazi yangu ilikuwa kununua, tangu usichana wangu mpaka mvi ziliponianza, na sikuwahi kuona nyota isipokuwa siku niliyojigonga kichwa kwenye boriti la godauni. Siku hiyo nilikuwa natafuta mtandao usio na waya, na ndiyo habari ninayotaka kuwapa.

Kwanza mjue nilikotoka. Nilianzia kwenye shirika moja la umma, enzi ambazo mnunuzi hakuwa na cha kuchagua. Muuzaji alikuwa mmoja, na ukimkuta hana, unarudi wiki nyingine. Ujuzi wetu mkubwa ulikuwa kungoja bila kununa. Ila mkuu wangu pale, Bi Mwajuma, alikuwa mwanamke wa Dar hasa, na aliona mbali. Aliniambia hali haiwezi kubaki hivi siku zote, ipo siku wauzaji watakuwa wengi kama inzi, na wewe Tatu hujui kuchagua hata nyanya.

Basi akawa ananipeleka soko la Feri kununua samaki wa ofisini. Akanikataza kabisa kumuuliza muuzaji kama samaki wake ni wabichi. "Ukimuuliza hivyo unamfundisha uongo," alisema. "Muulize wa jana wako wapi."

Nikajaribu. Wa kwanza akaapa kwamba tangu azaliwe hajawahi kulaza samaki. Wa pili akachutama, akavuta beseni chini ya meza, akasema hawa hapa, nangoja wakaangaji. Bi Mwajuma akanunua wabichi wa huyo wa pili, wala hakumtazama tena yule wa kwanza. Nilidhani ni somo la kitoweo tu.

Soko huria lilipokuja, shirika letu lilipunguza watu, nami nikapunguzwa. Nikapata kazi kwa Kantibhai, muuza sufuria wa jumla Kariakoo. Familia yake ilikuwa Upanga miaka na miaka, na Kiswahili chake kingeweza kukudanganya ukadhani amezaliwa Ilala. Alikuwa na tabia ya kugonga sufuria kwa kucha na kuisikiliza, kama daktari anavyosikiliza kifua. Duka lilikuwa mtaa wa Mkunguni. Godauni, yaani ghala letu, lilikuwa Gerezani, na lilikuwa na mfalme wake: Mzee Kombo, stoo kipa, mtu wa Ilala, aliyemzidi Kantibhai umri. Yeye hakuandika sana. Ukitaka kujua kama kuna sufuria za pilau au birika za bati, ulimwendea Mzee Kombo, ukamwamkia, naye akafumba macho kidogo, akakujibu.

Tatizo ni kwamba kumwendea kulichukua muda. Simu ya waya ilikuwa ikikatika kila wingu likitanda. Simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zimeingia, na kuongea kwa dakika chache kulimuuma Kantibhai kama jino. Kwa hiyo tulimtuma mtu kwa miguu, akapita kwenye mikokoteni na vikapu na watu wanaobishana bei, na mteja akabaki dukani na soda yake.

Siku moja alikuja mama mmoja wa Mbeya, mteja wetu mkubwa kuliko wote. Aliuliza kama tunazo seti za sufuria zenye mifuniko ya kioo. Tukamtuma mtu Gerezani. Soda ya yule mama ikapata joto, ikaisha. Akaomba radhi kwa adabu sana, akavuka barabara, akaingia kwa mpinzani wetu ambaye alikuwa analeta mzigo wake mwenyewe kutoka Dubai. Tulisimama mlangoni tukatazama sufuria za watu zikifungwa kamba kwenye lori lake. Mtu wetu akarudi akitweta, akasema zipo, zimejaa tele.

Jioni, wakati wa kufunga, Kantibhai akaniita. Aliniambia amesikia kuna mashine zinazounganisha kompyuta kwa hewa tu, bila waya, hata kupita juu ya mitaa. Akanipa kazi ya kuitafuta, akaongeza, "Tatu, ukikosea hapa, mimi na wewe tutauza karanga." Hakuwa anatania. Wenzake wawili mtaa ule ule walikuwa wameshafunga maduka moja kwa moja.

Nikaulizia mjini, wakajitokeza watatu.

Wa kwanza ofisi yake ilikuwa ghorofani katikati ya jiji. Sitamtaja jina, sisi tulimwita Bwana Tai, kwa sababu ya tai zake. Alitualika hotelini, akatuonyesha picha ukutani na kutupa sambusa nzuri kweli. Mtandao wake ulipita milima na mabonde. Nilimuuliza kifaa chake kinashindwa wapi. Akacheka, akasema hakishindwi.

Wa pili alikuwa Nilesh, kijana mchangamfu, mdogo wake mke wa Kantibhai. Alileta vifaa kutoka Dubai ndani ya begi, kati ya mashati. Huyu nilimwogopa kuliko wote, si kwa ubaya wake, maana alikuwa hana ubaya, bali kwa dada yake. Kila mchana kopo la chakula la Kantibhai lilipotoka Upanga lilikuja na salamu za Nilesh. Nilipomuuliza kifaa chake kinashindwa wapi, alijikuna shingo. "Kwa kweli, Dada Tatu, sijui," akasema. Nililiweka jibu hilo moyoni.

Wa tatu alikuwa mwanamke, mhandisi, jina lake Neema. Alikuja bila kifaa chochote. Akaomba kwanza kupanda juu ya paa la duka. Nikapanda naye, nimejifunga khanga vizuri, tukasimama tunatazama upande wa Gerezani. Mimi nilitazama yaliyokuwepo. Yeye akanyoosha kidole kwenye kiwanja kilichozungushiwa mabati katikati ya njia, ambapo ncha za nondo zilikuwa zimeanza kuchungulia, akauliza pale wanajenga nini. Sikujua. Akashuka, akaenda kumuuliza mlinzi wa kiwanja, akarudi. Ni ghorofa, tena refu. Akasema tukirusha mawimbi moja kwa moja kutoka hapa mpaka Gerezani, yatafika vizuri mpaka ghorofa lifike juu, halafu tutakuwa tunaongea na ukuta.

Wale wawili wengine hakuna hata mmoja aliyepanda paa.

Nikamuuliza swali langu na yeye. Alijibu bila kunitazama, kama mtu anayesoma bei sokoni. Mawimbi hayapendi chuma, na nyinyi mnauza chuma. Kona ya nyuma ya godauni hayatafika kabisa. Mvua kubwa itayapunguza nguvu. Na yeye mwenyewe ana fundi mmoja tu, kwa hiyo yeye na fundi wake wakiugua wote, tutasubiri. Nikasikia harufu ya Feri.

Lakini mnunuzi hachagui kwa harufu, hasa kama shemeji wa bosi yumo. Nilitaka Kantibhai aone kwa macho yake, na mke wake asikie kwa masikio ya mumewe. Hapo ndipo nilipoanza ujanja.

Wakati ule godauni lilikuwa limebaki nusu. Kwenye godauni tupu hata redio ya mkulima inaimba vizuri. Kontena letu lilikuwa bado bandarini, na mimi nikaamua hakuna majaribio mpaka liingie. Wauzaji wakaanza kusumbua. Bwana Tai nikamwambia tunapuliza dawa ya panya. Kesho yake nikamwambia ufunguo umeenda msibani Bagamoyo. Nilesh nikamwambia dada yake amenishauri tusiharakishe, nikijua kabisa kwamba hawezi kwenda kumuuliza dada kama ni kweli. Kantibhai alinitazama kwa pembe ya jicho, akagonga sufuria yake.

Kontena likaingia. Mzee Kombo na makuli wake wakapanga mzigo mpaka darini, vijia vikabaki vya kupita mtu kwa ubavu. Pale ndipo nilipojigonga kwenye boriti, nikaziona nyota. Nikawaita wauzaji wote watatu siku moja, na hakuna niliyemwambia kwamba wengine wanakuja. Mngeona nyuso zao walipokutana mlangoni. Bwana Tai alimpa Neema mkono akidhani ni karani wangu, akamwomba maji ya kunywa. Neema akamletea.

Watu wa Bwana Tai walikuwa wamefika mapema kutayarisha. Kompyuta yao ilikuwa juu ya meza, ndani kabisa, nyuma ya ukuta wa sufuria, imefunikwa kitambaa cha bluu mpaka chini. Akabonyeza, na picha ya duka letu la Mkunguni ikatokea, safi, haikusita hata kidogo. Kantibhai akafurahi. Hata mimi moyo ulishtuka. Nikajiambia labda nilimwonea. Kisha nikamwona Mzee Kombo anakitazama kile kitambaa kama mtu anayetazama mgeni aliyekuja na viatu msikitini.

Nikamwomba Bwana Tai tuisogeze kompyuta kidogo, karibu na mlango, bosi apate mwanga. Akasema hapo ndipo penye mwanga mzuri. Nikasema basi nitaibeba mimi mwenyewe, asichoke. Nikaishika, nikainua, nikapiga hatua, na kompyuta ikanivuta nyuma kama mbuzi aliyefungwa kigingini. Kitambaa kikaanguka. Waya ulikuwa umetoka kwenye kompyuta, ukashuka mguu wa meza, ukaambaa sakafuni nyuma ya sufuria mpaka kwenye simu ya mezani ya Mzee Kombo, na kwa bahati yao siku hiyo simu ilikuwa nzima.

Kantibhai aliinama, akaufuata ule waya kwa kidole mpaka mwisho, pole pole, akainuka, akamwuliza Bwana Tai kwa upole kama ataongeza chai. Bwana Tai alisema ana kikao mjini.

Zamu ya Nilesh, kifaa chake kilifanya kazi mlangoni, kikafanya kazi kwenye safu ya kwanza ya birika, na tulipoingia nyuma ya masufuria makubwa ya shughuli, yale ya kupikia pilau la harusi, kikafa. Alirudi mlangoni kikafufuka. Akaingia tena kikafa. Masikini, jasho lilimtoka. Alisema Dubai kilifanya kazi vizuri sana. Nikamuuliza alikijaribia wapi, akasema hotelini, chumbani kwake. Shemeji yake akakohoa ili asicheke.

Neema alikuwa amekuja na ngazi. Akaning'iniza antena juu kwenye maboriti badala ya mezani, moja huku na nyingine kule, ili mawimbi yapite juu ya mzigo na kumwagika chini kwenye vijia. Kwa yale ya nje, hakutaka kupita penye lile ghorofa. Alikuwa ameshazungumza na mwenye nyumba mmoja wa pembeni, ambaye angekubali mlingoti juu ya paa lake, tupige kona. Kompyuta ikafanya kazi karibu kila mahali. Kona ya nyuma ilikataa, kama alivyosema, na aliniambia tuweke kule mifagio.

Jioni Kantibhai akaniuliza tumchague nani. Nikamwambia Neema atuunganishe, na afundishe mtu wetu kurekebisha madogo ili akiugua tusikwame. Nilesh naye tumpe kazi ya kuleta kompyuta zote, kwa sababu alipokuwa hajui alisema hajui, na mtu wa namna hiyo hutamkosa ukimhitaji. Kantibhai alifikiri. Akaniambia bora kumwelezea mkewe habari ya kompyuta zinazonunuliwa kuliko ya mtandao uliokataliwa. Kesho yake kopo la chakula lilikuja na achari ya maembe kwa ajili yangu.

Sasa nyinyi mngedhani hadithi imeisha. Mimi pia nilidhani.

Tulifunga mtandao. Mteja akiuliza kitu Mkunguni, karani alibonyeza, kompyuta ya Gerezani ikapiga mlio, Mzee Kombo akabonyeza kipo au hakipo. Soda za wateja zilianza kuisha zikiwa baridi. Kantibhai alisimama nyuma ya karani kama mtu anayetazama mpira.

Halafu mtandao ukaanza kufa kila alasiri. Asubuhi mzima, baada ya chakula cha mchana umekufa, jioni umefufuka. Neema akaja, akapanda paa, akapima, hakuona kasoro. Akabadilisha kifaa kimoja kwa gharama yake. Kesho yake ukafa tena. Aliniambia labda ni joto. Mimi nililaumu lile ghorofa, ingawa lilikuwa halijafika popote. Habari zikamfikia Bwana Tai, naye akapitia dukani kutupa pole, tai mpya shingoni. Na siku moja yule mama wa Mbeya alirudi, akatupa nafasi nyingine, akauliza birika kubwa. Karani akabonyeza, kimya. Tukamtuma mtu kwa miguu. Mama akatazama soda yake, akatutazama sisi.

Alinunua siku hiyo, kwa huruma tu. Lakini Kantibhai aliniambia anahesabu mpaka mwisho wa mwezi, kisha anarudisha kila kitu. Nilijua pamoja na vitu nitarudishwa na mimi.

Nikampigia Neema, nikamwambia asije na vipimo vyake, aje na ngazi tu, mchana, na asibishe hodi. Tuliingia godauni kimya kimya. Makuli walikuwa wamelala kwenye maboksi. Neema akaegemeza ngazi, akapanda, akafika kwenye antena. Kisha akaniita nipande nione mwenyewe.

Antena ilikuwa imevaa sufuria. Sufuria kubwa la pilau, limepinduliwa na kufungwa kamba vizuri kabisa, kama kofia ya bwana harusi.

Tukashuka. Mzee Kombo alikuwa kwenye kiti chake, macho yamefumba, ila hakuwa amelala. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamuuliza habari ya lile sufuria, akasema amewatuma makuli waifunike antena isipate vumbi. Neema akamuuliza kwa adabu mbona vumbi lenyewe linaingia mchana tu. Mzee akafumbua macho. Halafu akaongea, na alikuwa ananiambia mimi, si Neema.

"Mwanangu Tatu, zamani mtu akitaka kitu kwangu alikuja mwenyewe. Akaniamkia, akaniuliza hali ya magoti yangu, ndipo akasema shida yake. Hiki kidude chenu kinanipigia mlio tu. Birika. Mlio. Sufuria. Mlio. Hakina hata salamu. Mpaka mchana nakuwa nimechoka kuamrishwa na kitu kisichonijua."

Niliwalinganisha wauzaji kwa kila kitu: chuma, mvua, ghorofa, waya wa kificho, hata hali ya ndoa ya bosi. Katika sisi wote hakuna aliyemuuliza neno mtu ambaye angekaa na kile kidude kutwa nzima.

Neema ndiye aliyepata dawa. Programu iliyokuwa ikipeleka maagizo aliitengeneza yeye. Akakaa pale pale kwenye kompyuta, akaandika kidogo, akanitaka nirudi Mkunguni nijaribu. Nikaomba birika. Kabla ombi halijaondoka, maneno yakatokea yenyewe juu yake: Shikamoo Mzee Kombo. Na kule Gerezani ombi halikufunguka mpaka mzee alipobonyeza Marahaba. Lile sufuria la pilau lilirudi kwenye safu yake siku hiyo hiyo, na mtandao haukufa tena mchana.

Kantibhai alipoona kwamba hata yeye mwenye mali akitaka kitu lazima kwanza amwamkie stoo kipa wake, alikunja uso. Nikamkumbusha kwamba Mzee Kombo amemzidi umri. Akagonga sufuria, akasikiliza, akasema ni kweli. Mama wa Mbeya akaendelea kununua kwetu, na hatukuuza karanga.

Mzee Kombo alistaafu kabla yangu. Nafasi yake akapewa binti mmoja mwepesi, aliyemaliza shule juzi tu. Wakati huo Neema alikuwa ameenda kusoma nje, na hakuna mwingine aliyejua pa kuigusa ile programu. Tukaogopa kuichokonoa ikatufia. Kwa hiyo Kantibhai, mvi tupu, miwani puani, kila alipohitaji sufuria alimpelekea yule binti shikamoo, na binti, asipobonyeza Marahaba, ombi halifunguki.

Mtoto wa watu alikuwa ana malezi, na jambo hili lilimkosesha raha. Basi kila asubuhi, kabla ya kuwasha kompyuta, alitembea kutoka Gerezani mpaka Mkunguni, akapita kwenye mikokoteni na vikapu na watu wanaobishana bei, akaingia dukani, akapiga goti mbele ya Kantibhai, akamwamkia kwa mdomo wake mwenyewe. Naye Kantibhai alikuwa hafungui droo wala kumsikiliza mteja yeyote mpaka binti afike. Akifika, aliitikia "Marahaba" kwa sauti ya kusikika mpaka kwa mpinzani wetu ng'ambo ya barabara.